Nimerudi Tanga, Mbona Nyumbani Pamekuwa Pageni?

SWALI: Shikamoo mama. Nimerudi Tanga miezi minne iliyopita baada ya kusomea shahada ya uzamili Wageningen, Uholanzi, kwa miaka miwili. Nikiwa huko nilipakumbuka nyumbani kila siku, ila sasa kelele zinanichosha, kusubirishana kunanikera, na ndugu wamenibandika jina la "Mzungu". Mwezi uliopita shangazi alikuja bila taarifa, nami nikamwuliza, "Mbona hukupiga simu kwanza?" Alinyamaza, akaondoka chai ikiwa bado jikoni, na tangu siku hiyo hajakanyaga kwetu. Je, nimeharibikiwa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hujaharibikiwa, na wala hukuanza wewe. Mwaka 1955 mtafiti wa Norwei, Sverre Lysgaard, alieleza kuwa mgeni ughaibuni huanza kwa furaha, kisha huvunjika moyo, halafu huzoea. Mwaka 1963 Wamarekani John na Jeanne Gullahorn wakaonyesha kwamba mambo hayo hujirudia mtu anaporejea kwao. Kurudi huuma kwa sababu hukujiandaa. Uholanzi ulijua kuwa wewe ni mgeni, na wenyeji wako walijua pia, kwa hiyo ulipokosea ulisamehewa. Tanga hakuna anayekuhesabu mgeni. Swali ambalo Wageningen lingekuwa la kawaida, kwa kuwa huko watu hupeana miadi hata ya kikombe cha kahawa, masikioni mwa shangazi lilimaanisha kwamba nyumba ya kaka yake imemfungia mlango. Machungu yako ni ya kweli, lakini naona ya kwake ndiyo ya kushughulikiwa kwanza.

Mambo ya Uholanzi wasimulie rafiki mmoja au wawili waliosoma nje, tena mpaka utosheke, maana nyumbani kila hadithi inayoanza na "kule Uholanzi" husikika kama lawama. Desturi ya kuchunga saa usiiache. Itumie kazini na katika ahadi zako mwenyewe, bila kuwapimia wengine. Usingizi na hamu ya kula vikikupotea kwa wiki kadhaa, muone daktari.

Kwa shangazi nenda wiki hii hii, alasiri, na kilo mbili za sukari. Usipige simu, piga hodi, mwamkie, umwombe radhi bila kumweleza desturi za Wazungu, kisha ukae mpaka ile chai aliyoikosa kwenu muinywe pamoja kwake.