Tukifika Kigoma tuanzie wapi?

SWALI: Habari za kazi dada. Sisi ni watu wa Tabora, tunakuja Kigoma na treni, mimi, baba watoto na watoto wawili, mmoja darasa la sita mwingine chekechea. Kila tunayemuuliza anasema Gombe, Gombe, ila nikipiga hesabu ya boti na viingilio naona hela haitoshi. Mume wangu anataka tu sehemu ya juu aone Ziwa Tanganyika apige picha. Tukiacha Gombe kuna cha maana au tutakaa siku moja tuchoke?
Mama Wawili, Tabora

JIBU: Karibuni sana mama Wawili, na wala msijisikie vibaya kuiacha Gombe safari hii. Kwanza huyo wa chekechea asingeruhusiwa kwenda msituni kufuatilia sokwe, watoto wadogo hawaruhusiwi, na sababu mojawapo ni kwamba sokwe wanashika mafua yetu haraka sana na yanawaua. Kwa hiyo mmoja wenu angebaki kambini na mtoto wakati hela ya boti na kiingilio imeshaenda. Ngojeni wakue, Gombe ipo tu, imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1968.

Mimi wageni wangu wote nawapelekaga juu kwanza kabla ya kitu kingine chochote, na hapo namuunga mkono baba Wawili kabisa. Chukueni bajaji mwende upande wa Bangwe, ile rasi iliyoingia ziwani, mkipanda kule mnaona ghuba yote, bandari, reli inavyoishia pale chini, mitumbwi, na ng'ambo milima ya Kongo kama hewa ni safi. Nasema kama, maana kuanzia Juni mpaka Septemba kuna moshi wa kuchoma mashamba na vumbi, milima inapotea kabisa, lakini mvua ikishanyesha asubuhi jioni yake mtaona mpaka makorongo. Na msiwahi mno, jua letu linachelewa, huku tuko magharibi mwisho kabisa wa nchi kwa hiyo linazama karibu saa moja usiku wakati Dar giza limeshaingia zamani. Nendeni saa kumi na moja hivi, mkae.

Halafu msikimbilie kushuka likizama tu. Giza likikolea wavuvi wa dagaa wanawasha taa na ziwa zima linakuwa kama mji mwingine umejengwa juu ya maji, mimi nimezaliwa huku na bado nasimamaga kuangalia. Ila mbalamwezi ikiwa kubwa hawatoki, dagaa hawafuati taa, kwa hiyo angalieni mwezi kabla ya kukata tiketi. Ulizeni pia kama ziwa halijafungwa, maana mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaane, na hapo taa hamtaziona.

Huyo wa darasa la sita mwonyesheni bandari kutoka kule juu mumsimulie habari ya meli ya Liemba. Ilitengenezwa Ujerumani 1913, ikafunguliwa vipande vipande ikaletwa kwa meli mpaka Dar halafu kwa reli mpaka hapa, reli yenyewe ilikuwa imefika Kigoma 1914 tu, ikaunganishwa ikaingia majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha wasiiache kwa adui, Waingereza wakaja kuiibua 1924 na 1927 ikarudi kazini ikiwa na jina hili la Liemba. Mkishuka kwenye treni msipite tu na mabegi, geukeni mwangalie stesheni, ni jengo la enzi hizohizo.

Kesho yake Ujiji, daladala zipo muda wote na ni karibu. Wengi wanaenda pale makumbusho wanapiga picha na sanamu za Stanley na Livingstone waliokutana 1871, dakika kumi wameshaondoka, na hilo linaniumaga sana. Ujiji ilikuwa mji wa biashara kabla ya hao wawili, Burton na Speke walishafika 1858 wakaukuta. Na biashara yenyewe ilikuwa pembe za ndovu na watu, watu wetu, waliotembezwa kwa miguu kupitia huko kwenu Tabora mpaka pwani. Tembeeni kwenye ile miembe mikubwa mwaambie watoto wazi, wa darasa la sita anaelewa. Nyie watu wa Tabora mna kitu cha ziada pia, kwa sababu baada ya kukutana walienda pamoja kaskazini kwa mtumbwi kuangalia Mto Ruzizi, wakakuta unaingia ziwani wala hautoki, halafu wakasafiri mpaka Kwihara na hapo ndipo walipoagana Machi 1872. Nusu ya hadithi iko kwenu, mkirudi wapelekeni watoto Kwihara kwenye lile tembe la Livingstone.

Kabla ya kuondoka Ujiji fikeni ufukweni muone mafundi wanavyounda maboti ya mbao kwa mkono.

SWALI: Dada, watoto wanaweza kuogelea ziwani bila shida? Na dagaa wazuri ninunue wapi?
Baba Nuru, Urambo

JIBU: Nendeni upande wa Katonga kwenye ufukwe wa Jakobsen, kuna kiingilio lakini pametulia, na maji yanaonyesha mpaka chini, mkipata miwani ya kuogelea mtoto anaona visamaki vya rangi ambavyo vingi havipo popote duniani isipokuwa ziwa hili. Ila ziwa hili ni refu kwenda chini, linapita mita 1,400, na kuna sehemu kina kinaanza hatua chache tu kutoka nchi kavu, kwa hiyo msimwachie mtoto mkono, na ulizeni wenyeji habari za mamba kabla ya kuingia popote pengine. Dagaa nendeni Kibirizi asubuhi, chagueni waliokauka vizuri wasio na mchanga, na mkiwa hapohapo kuleni samaki wetu mgebuka wa mawese na ugali wa muhogo.