Mwanangu, kuhusu hiyo karatasi ya majirani

Tabata, Jumapili jioni

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema majirani wa Goba wanapita nyumba kwa nyumba na karatasi ya malalamiko kuhusu ile baa iliyotoa spika nje, watoto hawalali, Daudi ana mtihani. Unauliza: ukitia sahihi, mwenye baa anaweza kukufanya nini kisheria?

Hilo nakujibu upesi. Kulalamika si kosa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ipo tangu 2004, mambo ya kelele yanashughulikiwa na NEMC, chombo cha serikali cha kusimamia mazingira, na kabla ya kufika huko kuna ofisi ya serikali ya mtaa. Mumeo anayajua haya kuliko mimi, mwalimu mstaafu.

Lakini tangu juzi sipati usingizi, na anayeninyima usingizi si mwenye baa. Ni yule mama aliyekuletea karatasi. Umeandika kwamba alikuja Alhamisi ukamwambia asubiri mpaka Baba Daudi arudi safari. Sasa kaa chini nikueleze jambo ambalo sijamweleza yeyote kati yenu.

Mwaka 1988 wewe ulikuwa na miezi minane. Dampo la hapa Tabata mnalijua kwa jina tu, kwa kuwa makonda mpaka leo wanaita "Dampo, wa kushuka!" na abiria wanashuka kwenye maduka na nyumba za watu. Sisi tuliishi nalo. Malori yalimwaga hapo taka za jiji, taka zikawa zinaungua mchana na usiku, na upepo ukigeuka unafunga dirisha, kisha unakaa ndani unatoka jasho na moshi unao humohumo. Nepi zako nilizianika chumbani, kwenye kamba niliyoifunga toka dirishani hadi kabatini. Hata hivyo nikikubusu shingoni nilisikia harufu ya mpira uliounguzwa. Uji wako niliufunika kwa kawa. Nikiinua kawa kidogo tu niingize kijiko, nzi wameshatangulia. Usiku kifua chako kilipiga mluzi, nikawa nakulaza juu yangu nimekaa, naogopa kulala nisije nikaacha kuusikia.

Basi wakatokea wakazi wenzetu wakasema imetosha, wanakwenda mahakamani kulishtaki Jiji. Ninyi mmezaliwa mkikuta watu wanashtakiana kila siku, hamuwezi kujua lilikuwa jambo geni kiasi gani. Haki za raia ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, ila mahakama ziliruhusiwa kuzisikiliza kuanzia Machi 1988, mwaka huohuo. Chama kilikuwa kimoja. Mjumbe wa nyumba kumi alijua hata umepika nini. Na baba yako alikuwa mtumishi wa shirika la umma. Akasema, "Serikali haishtakiwi na mtu anayekula mshahara wake." Neno hilo nimewasimulia kila Krismasi, mkacheka, nikawaacha mcheke. Marehemu ameibeba lawama hiyo miaka yote.

Sikumtendea haki. Daftari la majina ya wanaoshtaki lilinifikia mimi kwanza, si yeye.

Alilileta Bibi Mandazi, saa nne asubuhi, baba yako yuko kazini. Vidole vyake vilikuwa na unga, kalamu ameifunga kwenye daftari kwa uzi wa cherehani. Hakutoa hotuba. Alikutazama wewe ukiwa mgongoni kwangu, akasema, "Mama Rehema, andika. Huyu mtoto anakoroma mpaka nasikia kwangu." Nikaishika kalamu. Niliuona mstari wenyewe, wa saba, chini ya jina lake aliloliandika kwa herufi kubwakubwa za kisomo cha watu wazima. Mimi nilikuwa mwalimu wa Siasa. Asubuhi ileile nilikuwa naandaa somo la kuwafundisha watoto wa watu kwamba wananchi ndio wenye nchi.

Nikasema, "Ngoja baba yake aje."

Akachukua kalamu, akafunga daftari, akalipangusa unga uliobaki juu ya jalada. "Haya, mwalimu." Toka siku ile hakuniita tena Mama Rehema. Nilikuwa mwalimu, mwalimu, mwalimu, mpaka alipohamia kwa mwanawe Kigamboni.

Mnajua msemo wangu, aliyefungua mlango ndiye ajibu. Mlidhani nawafundisha adabu ya kupokea wageni.

Wakashinda, kama unavyojua. Mahakama Kuu ikaamuru taka zisimwagwe tena Tabata. Malori hayakukoma siku ileile, muda uliombwa na ukaombwa tena, miaka ikapita kabla hatujaagana nayo. Lakini jioni habari ilipofika, Bibi Mandazi alikaanga mandazi ya bure, watoto wakapanga foleni mpaka njiani. Nasi akatuletea. Sahani imejaa kama ya wengine, ina kitambaa juu. Baba yako alimega moja akasema sukari imezidi. Mimi sikuonja. Na sahani ya jirani hairudi tupu, hilo nimelelewa nalo, ila kila nilichotaka kuweka juu yake niliona hakitoshi. Wiki zikawa miezi. Ndiyo ile sahani ya bati yenye waridi jekundu ambayo nawakataza kupakulia.

Najua utaniambia nini: jina moja lingeongeza nini, Mama, walishinda bila wewe. Nimejiambia hivyo miaka mingi. Hewa iliyosafishwa na majina ya wenzangu uliivuta wewe sawa na watoto wao, na mluzi ukaisha kifuani. Ndipo panaponiuma hapo, mwanangu. Tulivuna.

Halafu nageuka najibishana na nafsi yangu. Taka zilipotoka hapa zilipelekwa Kunduchi Mtongani, kisha Vingunguti, ng'ambo ya mto Msimbazi tu. Baadaye Mtoni, siku hizi Pugu Kinyamwezi. Mwalimu mwenzangu aliyekuwa anakaa Vingunguti alikuja kazini asubuhi moja, macho mekundu, akaweka mkoba mezani akasema, "Sasa moshi wenu tunao sisi." Ofisi nzima kimya. Nikawaza, pengine aliyekataa kuandika hakukosea sana, maana tatizo halikwisha, lilivuka mto. Kisha nikawaza, huo ni ujanja wa mtu anayetafuta pa kujificha. Watu wa Vingunguti walionewa na waliozipeleka kwao, hawakuonewa na Bibi Mandazi. Angeweza hata kuvuka mto akaandike na huko, namjua.

Kwa hiyo na wewe usinisikilize upande mmoja. Huyo mwenye baa simjui, ila najua kisima chake ndicho kilichowapa maji ya kufyatulia tofali mlipokuwa mnajenga, wakati hapo kwenu bomba halijafika. Si jambo dogo hilo. Ningekuwa wewe ningeanza kwake, mchana, kabla muziki haujawashwa, nimwambie Daudi ana mtihani. Labda hajui sauti inafika wapi. Labda anajua. Ila hata ukienda kwake, yule mama bado anasubiri jibu lake, na huyo hana baa wala kisima, ana karatasi tu na miguu ya kuzungukia mtaa mzima.

Sikuambii utie sahihi. Uko kwenye nyumba yako, una mumeo, na mimi niliyeshindwa kuandika jina nina ubavu gani wa kukushikisha kalamu. Ila akirudi huyo mama, usimtume tena kwa Baba Daudi. Ndiyo au hapana, mwambie wewe mwenyewe, ukimtazama, tena mkaribishe chai.

Na nitumie picha ya hiyo karatasi, nione wameandikaje. Mara nyingi wanasahau kuweka tarehe.

Mama yako