Volti ipo, mkondo hakuna: anza na uchomaji

Ndugu yangu wa Kampala, umesema seli yako ya umeme wa jua, inayotumia rangi ya rozela kunasa mwanga, inatoa volti nzuri lakini mkondo ni kiduchu, na unauliza kama uache chembe za titani dioksaidi uhamie kwenye mirija ya nano, yaani vijibomba vidogo mno vya kitu hichohicho. Usikimbilie huko.

Elektroni ikitoka kwenye rangi hupita chembe hadi chembe ya titani dioksaidi (unga mweupe uliopakwa kwenye kioo), ikinaswa na kuachiliwa, mpaka ifike kwenye kioo. Chembe zisiposhikana vizuri, elektroni nyingi hunyakuliwa njiani na ayodini ya elektroliti, yale majimaji yaliyomo ndani ya seli. Kinachozishikanisha chembe ni uchomaji. Mirija huinyoosha njia, ni kweli, ila nafasi ya kubeba rangi mara nyingi hupungua.

Mimi nilianza kwa kuchoma vioo vilivyopakwa unga huo juu ya sigiri. Tabaka likabanduka kwa kidole kama unga wa muhogo. Nilipopata tanuri, nyuzi 450 kwa dakika 30, likashika. Lenga chembe za nanomita 20 hivi, unene maikromita 10. (Rozela yenyewe usiitarajie makubwa.)

Ukishauriwa kutumia titani tetrakloraidi kuunganisha chembe, inasaidia kweli, lakini ikigusa unyevu hutoa moshi wa asidi. Mwachie fundi wa maabara mwenye kabati la kufyonza hewa.