Muulize Matroni: Bweni au kutwa?

Mwangaluka. Barua za mwezi huu karibu zote zimetoka kwa watu wanaohangaikia kidato cha kwanza, na sishangai. Mtihani wa darasa la saba umepita Septemba, watoto wako nyumbani, na shule za binafsi hapa Mwanza, kuanzia Nyegezi hadi Kisesa, zimebandika matangazo ya usaili mpaka kwenye nguzo za umeme. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeisoma mara mbili usiku na bado imenikaa moyoni, kwa hiyo mnivumilie nikiijibu kwa kirefu.

*Shikamoo Matroni. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Buhongwa, nauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Natoka nyumbani saa kumi alfajiri, narudi saa moja jioni. Kipindi cha giza, usiku usio na mbalamwezi, wavuvi wakipata mzigo, mara nyingine navuka visiwani nalala huko siku mbili. Binti yangu wa kwanza ana miaka 13, kasoma shule ya msingi ya serikali. Amefaulu usaili wa shule moja ya binafsi upande wa Kisesa, ya kutwa na bweni. Kutwa ni nafuu, ila basi litampitia saa kumi na moja na robo. Mama mkwe anasema nikimpeleka bweni nimemtupa, hatajua hata kusonga ugali. Dada yangu anasema bila bweni hakuna elimu. Na shule imeniambia niende pia na mdogo wake wa darasa la tatu alale hukohuko, nitapunguziwa ada. Nishauri. — Mama wa watatu, Buhongwa*

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na huyo wa darasa la tatu, maana jibu lake ni fupi: hapana. Mwaka 2023 Wizara ya Elimu ilizuia huduma ya bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Shule inayokuita na punguzo mkononi inataka mlivunje zuio hilo pamoja, na atakayelipia ni mwanao.

Ningesema hapana hata kama zuio lisingekuwepo. Miaka ya nyuma nililea bweni la wadogo, vitanda 40, watoto wa miaka sita, saba. Kulikuwa na mmoja ambaye usiku hakulala mpaka nimemshika kidole. Siku ya wazazi kutembelea, mama yake alikuja na chapati na juisi, akachuchumaa uwanjani, akafungua mikono. Mtoto akanishika sketi, akajificha nyuma yangu. Yule mama hakulia pale. Alilia getini wakati anatoka, mimi nilimwona. Tangu siku ile sikuwahi tena kumshauri mzazi alete mtoto mdogo bwenini, hata pale ambapo mkuu wangu wa shule alitaka nifanye hivyo.

Sasa binti. Wewe umesikia hoja za mama mkwe na za dada, na wote wawili wanaizungumzia shule. Mimi naomba tuizungumzie jioni. Kuanzia saa kumi jioni mpaka anapolala, binti yako atakuwa na nani, na atakuwa anafanya nini?

Tufuatane naye akiwa wa kutwa. Basi linaondoka Kisesa, linashusha Igoma, Nyakato, Mabatini, linapenya mjini kwenye foleni, linashusha Mkuyuni, Mkolani, ndipo Buhongwa. Amefika saa kumi na mbili. Wewe bado uko kwenye daladala au uko kisiwani. Wadogo zake wana njaa. Atawasha jiko la mkaa, atasonga huo ugali ambao bibi yake anauwazia, atawaogesha, ataosha vyombo. Daftari analifungua saa tatu usiku, na kilichoandikwa humo ni Kiingereza, lugha ambayo shule ya msingi aliisoma kama somo tu. Saa kumi na nusu alfajiri yuko macho tena. Saa kumi na moja na robo yuko kando ya barabara, na kwetu Mwanza saa hiyo bado ni giza totoro. Hesabu mwenyewe usingizi wake.

Kwa hiyo mimi nasema bweni. Nasema kwa binti huyu na kwa nyumba hii. Jirani yako anayeshona nguo na kufunga cherehani saa tisa ningemwambia kutwa bila kusita, na senti zinazobaki anunue taa nzuri na kamusi. Mtoto mwenye mtu mzima nyumbani jioni, wa kumuuliza "leo mmesoma nini" hata kama mtu huyo hakuvuka darasa la nne, ana kitu ambacho hakuna matroni wa wasichana 60 anayeweza kukitoa. Nimekuwa matroni miaka 19, nakijua nisichoweza kutoa.

Mwambie mama mkwe, kwa heshima zote, kwamba ugali utasongwa Juni na Desemba. Wala hujamtupa. Unamweka mahali ambapo kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku atakuwa prepu, amekaa, na kazi yake ni kusoma.

Lakini usilipe bado. Mtu yeyote akitembezwa asubuhi ataonyeshwa maabara, kompyuta na bendera. Wewe omba kwenda jioni. Wakikataa kabisa mzazi asione bweni, shukuru, rudi nyumbani na pesa yako.

Ukifika, tazama milango kwanza. Septemba 2020 bweni la shule ya msingi wilayani Kyerwa, hapo jirani zetu Kagera, liliungua usiku na watoto 10 wakafa. Mimi mwenyewe nimeuona moto. Katika shule moja niliyofanyia kazi umeme ulikatika, msichana akawasha mshumaa asome chini ya neti, na neti ikashika. Bweni lilikuwa na milango miwili. Wa nyuma ulikuwa na kufuli, ufunguo alikuwa nao mlinzi, na mlinzi alikuwa getini. Madirisha yote yalikuwa na nondo. Tulitoka wote kwa mlango mmoja, tukikanyaga matranka yaliyopangwa njiani, na Mungu alitusaidia kwa sababu kitanda kile kilikuwa mwisho kabisa wa chumba. Kingekuwa karibu na mlango nisingekuwa nawaandikia leo. Nilikuwa nimeomba mara tatu ule ufunguo ukae kwangu, nikaambiwa wasichana watatoroka. Kwa hiyo shika kitasa cha mlango wa pili kwa mkono wako, usukume. Uliza ufunguo unalala wapi. Uliza matroni analala wapi, ndani ya bweni au nyumba ya walimu ng'ambo ya uwanja.

Kisha tafuta msichana wa kidato cha pili, mbali kidogo na walimu, umuulize hivi: "Mtu akiingia hedhi usiku na hana taulo, anamwamsha nani?" Akikujibu haraka kwa jina, bweni hilo lina mama. Akiangalia chini, umeshajibiwa. Kwenye suala la chakula sina maneno mengi: makande, ugali maharage, wali mara moja moja, ndivyo shule zilivyo na watoto wanakua. Maji ndiyo ya kuuliza, tangi lina ukubwa gani na bomba likikauka wanachota wapi.

Halafu ada. Shule nyingi hupokea kwa awamu, mara nyingi nne, na tarehe zinapangwa na mtu anayelipwa mshahara mwisho wa mwezi. Pesa yako inafuata mwezi wa angani. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inakaa ufukweni na wewe huna mzigo. Nenda kwa mhasibu na kalenda, mweleze hivyohivyo, mpange tarehe zako zidondokee mwisho wa giza, na aandike kwenye fomu kabla hujasaini. Nimeona wasichana wazuri wakirudishwa nyumbani wiki ya mitihani kwa deni ambalo mama angelilipa baada ya siku nane. Mama wa mvuvi au wa dagaa hana aibu yoyote ya kuona katika hili, ni biashara inayolisha nusu ya mji huu.

Mwisho, kati ya sasa na Januari mpeleke prifomu wani, yale masomo ya maandalizi ya kidato cha kwanza, kama una uwezo, iwe shule hiyo au kituo cha karibu hapo Buhongwa. Ila uliza wanafundisha nini. Wengine wanakimbiza mada za kidato cha kwanza ili mtoto aonekane kawahi. Binti yako anahitaji Kiingereza: kusikiliza, kuuliza, kuandika sentensi tano zake mwenyewe kila siku.

*Matroni, salamu kutoka Nansio. Mwanangu anavuka kwenda bweni Mwanza kwa mara ya kwanza. Shule imetoa orodha ya vitu 31. Vyote ni lazima? — Baba, Ukerewe*

Vya sare na vitabu nunua kama vilivyoandikwa. Vingine nitakwambia vinavyoibwa na vinavyosahaulika. Ndoo mbili, si moja, na jina liandikwe kwa msumari wa moto, maana rangi hufutwa. Shuka zishonwe jina kwa uzi. Neti yenye dawa, na ukikague kitanda chake uone kama kuna mahali pa kuifunga. Kufuli la tranka liwe na funguo mbili, moja aiache kwa patroni, mlezi wa bweni la wavulana. Kandambili pea mbili. Pesa ya matumizi mkabidhi patroni kwa maandishi, mtoto asitembee nayo. Hakuna simu. Badala yake mpe bahasha zenye anwani yako, na wewe umwandikie kwanza, barua ifike wiki ya pili, kwa kuwa wiki ya pili ndiyo mbaya kuliko ya kwanza. Na msindikize mwenyewe mpaka kitandani. Usimwache kwenye gati na mjomba.

*Shikamoo Matroni. Nipo kidato cha kwanza, bweni, nimetoka shule ya Kiswahili. Hapa ukikutwa unaongea Kiswahili unavishwa kibao shingoni hadi umkamate mwingine. Nimevaa mara nyingi, sasa sisemi kabisa, hata darasani. Shule ya msingi nilikuwa wa pili kwa sayansi, hapa ni wa 48. Pia maji yakikatika kaka wakubwa wanatupeleka kuoga ziwani, na tumbo linaniuma. Usinitaje. — Mwanafunzi*

Marahaba mwanangu. Sikutaji.

Tumbo kwanza. Kesho asubuhi nenda kwa patroni au muuguzi wa shule, umwambie mambo mawili kwa pamoja: tumbo linauma, na huwa naoga ziwani. Ukisema la kwanza tu utapewa panado. Ukingoni mwa ziwa letu, kwenye majani na konokono, kuna kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono na kupenya ngozi ukiwa umesimama tu majini, na kichocho cha huku hukaa zaidi tumboni. Choo kikiwa na damu usione haya, sema. Kinapimwa, na dawa yake ipo, vidonge vinavyomezwa kulingana na uzito au urefu wako. Ila ukirudi majini kitarudi. Maji ya ziwa yaliyotekwa yakakaa kwenye tangi siku mbili hayana hatari hiyo ya ngozi, na shule inaweza kufanya hivyo. Hilo nalisema ili mkuu wa shule yeyote anayesoma hapa asikie.

Sasa kibao. Walimu wenzangu, tumekifanya kwa miaka mingi na nami nimewahi kukisimamia, nikiamini nawasaidia. Nilichokiona ni watoto wanaojifunza kuwindana, na wengine wanaojifunza kunyamaza. Huyu hapa alikuwa wa pili kwa sayansi, na sasa ameufunga mdomo wake ili awe salama. Kiingereza kinakuja kwa kukosea mbele ya mtu asiyekucheka. Wekeni saa ya mazungumzo, wekeni jarida la ukutani, someni nao kwa sauti. Kibao kichomeni jikoni.

Wewe mwanangu, ulichokijua hakijapotea. Fotosinthesi inayokutisha ubaoni ni usanisinuru uleule uliouchora shule ya msingi, na jani lake, jua lake, maji yake. Chukua daftari dogo, gawa ukurasa katikati. Kushoto neno la mwalimu, kulia neno lako la zamani. Maneno kumi kwa siku, ya masomo tu. Usiku kabla ya taa kuzimwa, chagua rafiki mmoja, mmoja tu, umsomee aya moja ya biolojia kwa sauti, naye akusomee. Na kila siku uliza swali moja darasani, hata likiwa na maneno manne. Andika kwanza kwenye daftari, kisha nyosha mkono na ulisome kama lilivyo. Wiki ya kwanza watacheka. Nafasi ya 48 muhula wa kwanza kwa mtoto aliyetoka Kiswahili hainitishi, nimewaona wengi wakipanda kabla ya upimaji wa kidato cha pili.

Niandikie tena baada ya likizo. Nataka kujua majibu ya kipimo, na swali gani uliuliza siku ya kwanza.