Dawa tatu zimeshindwa, mbona daktari hatoi rufaa?

SWALI: Daktari, mdogo wangu ana miaka 26, na kifafa kilimwanza akiwa na miaka 14. Haanguki. Hukodoa macho, hutafuna mdomo mtupu, hushikashika kifungo cha shati dakika moja au mbili, ukimwita hasikii. Ametumia dawa tatu bila kuruka siku. Nilipouliza habari za upasuaji, daktari wake alisema hiyo ni hatua ya mwisho kabisa, tujaribu kwanza dawa ya nne. Yuko sahihi?

JIBU: Kwa hilo la "hatua ya mwisho", hapana. Simlaumu sana, miaka yangu ya mwanzo kazini nilisema vivyo hivyo. Kupasua kichwa kunamtisha mgonjwa, na daktari naye kunamtisha. Dawa mpya haimtishi mtu, basi tunaongeza, tunabadilisha, na miaka inakwenda.

Tangu 2010, Shirika la Kimataifa la Kupambana na Kifafa linahesabu kifafa kuwa sugu pale dawa mbili zilizochaguliwa vizuri na kutumiwa ipasavyo zinaposhindwa. Mbili tu. Utafiti uliotolewa mwaka 2000 huko Glasgow ulionyesha kwa nini: dawa ya kwanza ilituliza kifafa kwa asilimia 47 ya wagonjwa, ya pili ikaongeza 13, na zilizofuata zote kwa pamoja takriban 4. Dawa ya nne ingekuwa kumtafutia mdogo wako nafasi kwenye hiyo 4.

Dalili unazoeleza mara nyingi hutoka kwenye ubongo wa pembeni, usawa wa sikio, na hapo ndipo upasuaji una rekodi nzuri. Nchini Kanada, mwaka 2001, wagonjwa 80 wa aina hiyo waligawanywa kwa kura. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 58 ya waliopangiwa upasuaji hawakuwa tena na kifafa cha kupoteza fahamu. Kwa waliobaki na dawa, asilimia 8. Hasara zipo: anaweza kupoteza kipande cha uoni upande wa juu, na akipasuliwa upande unaotawala lugha, kwa kawaida wa kushoto, majina ya watu huenda yakawa magumu kukumbuka.

Kinachosahaulika, hata na madaktari, ni kwamba rufaa si kisu. Anapelekwa kuchunguzwa: MRI (picha ya ubongo), kurekodiwa umeme wa ubongo pamoja na video mpaka kifafa kimshike hapo hapo, vipimo vya kumbukumbu. Wengine huambiwa upasuaji hauwafai. Wengine hugundulika kwamba hawakuwa na kifafa kabisa. Wala MRI safi, isiyoonyesha kasoro, isiwe sababu ya kumnyima rufaa.

Mrekodi kwa simu akishikwa. Andika dawa zote, dozi zake na tarehe. Usiombe upasuaji, omba rufaa ya uchunguzi. Daktari akishikilia dawa ya nne, sawa, ianze leo, na barua ya rufaa iandikwe leo hiyo hiyo.