Kupiga picha chini ya maji yenye tope: punguza maji kati yako na samaki kwanza, mwanga baadaye

Mpigapicha mgeni akikuta maji ya kisiwa cha Mafia yamekuwa ya kijani na mazito, hukimbilia kuongeza mwanga. Hapo ndipo anapoharibu. Flashi ikipiga chembe za tope na planktoni (viumbe vidogo sana vinavyoelea majini) zilizo kati ya lenzi na samaki, mwanga hurudi kwenye kamera na kuacha madoa meupe picha nzima, sawa na dereva anayewasha taa kubwa kwenye ukungu wa Lushoto.

Tumia lenzi pana, msogelee samaki hadi chini ya mita 1. Maji yakikuonyesha mita 4 tu, kilicho umbali wa mita 3 kiache. Na macho yasikudanganye: chini ya maji vitu huonekana karibu kwa robo, hivyo unachokiona kama kiko sentimita 75 kiko mita 1.

Flashi ndiyo inayowasumbua wengi. Tandaza mikono yake pande zote mbili, vichwa viwe nyuma kidogo ya lenzi na vitazame nje, ili samaki aguswe na ukingo tu wa mwanga. Kisha piga maji matupu. Madoa yakijaa kushoto, flashi ya kushoto inamulika maji yaliyo mbele ya lenzi. Isogeze nje zaidi. Ukiwa sentimita 30 kutoka kwa konokono au kamba, zirudishe flashi karibu na lenzi, la sivyo katikati patakuwa giza. Anza na f/8 (uwazi wa lenzi), 1/125 (kasi ya shata, kwa sekunde) na ISO 200 (wepesi wa kamera kupokea mwanga), uhifadhi faili za RAW, yaani picha ghafi zisizobanwa na kamera.

Wakati unaochagua kuzamia una uzito kuliko kamera ya bei. Maji yakijaa huleta maji safi ya bahari kuu. Yakikupwa hubeba tope la ghubani. Bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, huvuruga kuliko maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, na wakati wa masika mto Rufiji humwaga udongo wake upande huu. Elekea mkondo unapopiga, ili tope la mapezi yako libaki nyuma.

Kwa potwe, yule papa mkubwa, wa Kilindoni hapo Mafia zima flashi kabisa, usimguse wala usimzibie njia. Piga jua likiwa mgongoni, 1/250, ukiwa karibu na uso wa maji ambako rangi nyekundu haijapotea.

Kwenye kompyuta, kitufe cha kuondoa ukungu kitumie kidogo sana: kinakoleza samaki, lakini kinakoleza na kila doa.