Maswali yenu: Kusomea kompyuta kwa ajili ya nchi zinazoendelea

Nina shahada ya kwanza ya kompyuta na nataka uzamili utakaonifaa kusaidia nchi maskini. Fani hiyo ipo kweli, au nachanganya usomi na hisani?

Ipo. Wengi huiita TEHAMA kwa maendeleo. Nikupe mfano ninaoupenda. Katika miaka ya 2000, watafiti wa maabara ya Microsoft iliyoko Bangalore, India, walikuta shuleni watoto kadhaa wamezunguka kompyuta moja. Mmoja kashika kipanya, wengine watazamaji. Wakachomeka vipanya vingi kwenye mashine ileile, kila mtoto akawa na kishale chake kwenye skrini. Rahisi? Subiri. Mchezo ulipokuwa wa nani kawahi, wavulana walibofya ovyo ili mradi washinde. Ikabidi ubuniwe mchezo mwingine, ambao hausongi mbele mpaka kikundi kizima kikubaliane jibu. Hapo kuna programu ya kuandika, kuna ualimu, kuna tabia za watoto, tena kuna vipimo. Hisani iko wapi hapo?

Nisome wapi?

Tafuta msimamizi kabla ya kutafuta chuo. Chuo kikubwa kisicho na mtu wa fani yako kitakuacha yatima. Ukipenda kujenga mifumo, tazama Chuo Kikuu cha Washington kilichoko Seattle, Marekani. Huko ndiko ilikozaliwa Open Data Kit, programu huria ya kujaza fomu kwenye simu: unajaza mahali pasipo na mtandao, inatunza, ukiufikia mtandao inatuma. Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei, wana DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumiwa na wizara nyingi duniani. Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, wameegemea zaidi sera na uchumi wa maendeleo. Carnegie Mellon, chuo kikuu cha Marekani, nao wana tawi Kigali.

Uzamili au uzamivu?

Kama hamu yako ni kujenga na kusimamia miradi, uzamili unatosha. Uzamivu ni wa mtu mwenye swali linalomnyima usingizi miaka minne, mitano, pengine zaidi.

Mwenzangu anasema utafiti wa nini, wagawiwe watoto laptopu basi.

Imeshajaribiwa. Mradi wa One Laptop per Child, yaani laptopu moja kwa kila mtoto, ulitangazwa mwaka 2005, na Peru ikagawa mashine hizo kwa mamia ya maelfu. Watafiti walipolinganisha shule zilizopata na zisizopata, hawakuona nafuu katika alama za hesabu wala za lugha. Kentaro Toyama, profesa wa Chuo Kikuu cha Michigan, anaeleza kwamba teknolojia hukuza kile ambacho watu na taasisi tayari wanacho. Penye mwalimu mzuri, kompyuta humwongezea nguvu. Pasipo na mwalimu, haiwi mwalimu. Mwambie mwenzako aanzie hapo, halafu aje tubishane.

Barua ya maombi niiandikeje? Nimeanza na "Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kutokomeza umaskini".

Futa. Nimesoma rasimu nyingi za aina hiyo na zote zinafanana kama sare za shule. Anza na kitu ulichokiona kwa macho: muuguzi anayenakili daftari moja katika fomu tatu kila mwisho wa mwezi, mathalani. Eleza umejaribu nini, kikakwama wapi, na unahitaji kujua nini usichokijua sasa. Umaskini wasomaji wa maombi wanaujua, wewe hawakujui. Na usifiche mradi ulioshindikana, mara nyingi ndio unaoonyesha kwamba ulifika kwa watumiaji.

Mimi napenda kanuni za hesabu na akili unde. Shughuli za kwenda vijijini siziwezi. Nina nafasi?

Tele. Lugha nyingi duniani hazina data ya kutosha kufundishia mashine, na jumuiya ya watafiti iitwayo Masakhane inashughulikia hilo kwa lugha za Afrika. Usimbaji wa sauti, yaani kuibana sauti ipite kwenye mtandao dhaifu, nao una kazi, vivyo hivyo programu za simu zenye kumbukumbu ndogo. Ila hata huko mtafute mtu atakayekwenda kwa niaba yako, na akirudi na habari mbaya, usibishane naye.